Mnunuzi wa Vitabu vya Marehemu

Elkana Mirumbe hakuwahi kununua kitabu kizuri kutoka kwa mtu aliye hai. Walio hai walimletea pale Suna, kwenye kibanda chake nyuma ya wauza viatu vya mitumba, vitabu vya hesabu vilivyong'olewa kurasa za majibu, na mara mojamoja Biblia ambayo mwenyewe ameona, kwa sababu zake, kwamba haihitaji tena. Hivyo alivinunua kwa kuwa ndivyo vilivyomlisha. Lakini vitabu vyenyewe, vya miaka ya mwisho ya mkoloni na ya mwanzo wa uhuru, vyenye karatasi nene iliyogeuka rangi ya chai na jalada la nje lililochorwa na mtu aliyejua kuchora, havikuja kibandani kwa miguu yao. Vilikaa ndani ya masanduku ya bati chini ya vitanda vya walimu wastaafu, kuanzia Isebania mpaka Homa Bay, vikisubiri jambo moja tu litokee. Nalo, kwa kawaida, lilitokea.

Ndiyo maana Elkana alisikiliza matangazo ya vifo redioni jinsi wakulima wanavyosikiliza habari za mvua. Matangazo yalikuwa kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, na yeye ni Mkuria, alielewa nusu. Nusu aliyoielewa ndiyo iliyokuwa na neno "mwalimu".

Asifikiriwe kuwa alikuwa fisi. Alikuwa na adabu zake, na kazi yenyewe ilikuwa na miiko. Hakukanyaga boma la marehemu kabla ya mazishi, wala kabla ya siku ile ambayo ndugu huketi na kugawana vitu vya aliyekufa. Alijua kwamba siku hiyo koti litakwenda kwa mjomba, baiskeli kwa kifungua mimba, redio kwa yule atakayepiga kelele zaidi. Vitabu havikwenda kwa mtu. Katika miaka yote hiyo Elkana hakuwahi kuona ndugu wawili wakikunjana mashati kwa sababu ya riwaya. Sanduku lilibaki chini ya kitanda, na baada ya muda mjane alianza kuliangalia kwa jicho la mtu mwenye kuku anayetafuta pa kutagia. Hapo ndipo Elkana alipobisha hodi.

Kuna nyakati alichelewa. Kule Magunga alifika kwenye nyumba ya askari wa wanyamapori aliyestaafu na kufa akiwa na sanduku zima la majarida, akakuta mchwa wamemtangulia. Majalada yalikuwa mazima juu na chini, na katikati udongo. Elkana aliyatazama kwa heshima. Wale mchwa walikuwa wasomaji makini. Hawakuruka hata ukurasa.

Kabla ya vitabu alikuwa mpima tumbaku, yaani mtu anayesimama kwenye kituo cha kununulia, ananusa jani, analikunja, analiangalia kwenye mwanga, kisha anamwambia mkulima kwamba jani lake si zuri kama anavyodhani. Kazi ile ilikuwa na kanuni moja: usisifu. Ukisifu jani, mkulima anasimama wima, na mkulima aliyesimama wima ana bei nyingine. "Hili limeungua. Hili lina madoa. Hili lilikaushwa na mtu mwenye haraka." Kampuni ilipofunga kituo na kwenda zake, Elkana alibaki na pua iliyofunzwa, vidole vilivyofunzwa, na ulimi usiojua kusifu. Akagundua kwamba vyote vitatu vinafaa kwa vitabu. Kitabu cha zamani nacho kinanuswa. Ukungu una harufu yake, moshi wa jikoni una yake, na karatasi ambayo haijaguswa na chochote isipokuwa miaka inanukia kama kabati la nyanya.

Nyanchama, mkewe, hakunusa chochote isipokuwa vumbi.

"Nyumba hii imejaa marehemu," alisema. "Nikiinama kuchukua sufuria, marehemu. Nikivuta kiti, marehemu. Hata wewe, baba, siku hizi umeanza kufanana nao."

"Hawa hawali," Elkana alijibu.

"Ndiyo. Wewe ndiye unayekula."

Wanunuzi wa vitabu vya namna hii walikuwepo, ingawa si Migori. Aliyemjua zaidi ni Oliver, mtu wa Nairobi aliyeacha uwakili mapema ili akusanye karatasi za wengine. Walijuana kwa simu. Oliver alilipa bei ya haki, kasoro ambayo Elkana alikuwa amemsamehe. Na kitu ambacho Oliver alikitaka kuliko vyote kilikuwa seti kamili ya *Mafiga*.

*Mafiga* lilikuwa jarida la fasihi. Lilianzishwa na vijana wa vyuo wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakati nchi hizo zilipoamini kwamba zitapika chungu kimoja, ndiyo maana wakaliita kwa jina la mawe matatu ya jikoni. Lilikuwa jembamba, picha ya jalada imechongwa kwenye ubao na kupigwa chapa kwa mkono, hadithi nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Lilidumu mpaka kila nchi ilipogundua kwamba inaweza kuunguza chakula chake peke yake. Matoleo yake machache yalikuwa yamepita mikononi mwa Elkana. Seti nzima hakuwahi kuiona, wala hakumjua aliyeiona.

Kisha redio ikamtangaza Mwalimu Omanga wa Kosele.

Kila aliyewahi kufundisha fasihi pande zile alijua kwamba Omanga aliletewa *Mafiga* kwa posta tangu toleo la kwanza, na kwamba waandishi wake walipopita Nyanza walilala kwake, wakala samaki wake, na kumtilia sahihi vitabu. Elkana alisubiri. Mazishi yakapita, mgawanyo ukapita, mvua moja ikapita. Alipofika Kosele alivaa shati la kwenda kanisani, kwa kuwa kuna mikutano ambayo mtu huiheshimu hata kama hataki ijulikane.

Alichokiona kwanza ndani ya nyumba ni makarai. Moja lilikuwa katikati ya sebule, jingine kwenye kochi kama mgeni aliyekaribishwa kuketi, na beseni la bluu juu ya televisheni iliyozimwa. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha nje kitambo, lakini humo ndani ilikuwa bado inamalizia.

"Karibu, kaa pale pakavu," alisema Truphena, mjane wa Mwalimu, mwanamke mrefu mwenye mgongo ulionyooka kuliko kuta zake. "Pakavu ni pale. Si hapo. Hapo panadanganya."

Elkana akakaa palipokuwa pakavu. Akaeleza kwamba ananunua vitabu vya zamani.

"Wewe ni wa wapi? Hicho Kiswahili si cha hapa."

"Ng'ambo ya Migori, mama. Mkuria."

"Mkuria!" Truphena alicheka kidogo. "Mababu zetu walizoea kukutana nanyi kwa sababu ya ng'ombe. Leo mmehamia vitabu. Dunia imeisha kweli."

Vitabu vilikuwa mezani, vimefunikwa karatasi ya plastiki. Truphena aliifunua. Elkana akaona mgongo wa toleo la kwanza la *Mafiga*, la pili, la tatu, mpaka mwisho, yamesimama kwa utaratibu wao bila hata moja kukosekana. Kando yao zilikuwepo riwaya za miaka ile, kila moja bado ina jalada lake la nje la karatasi, limeraruka pembeni lakini lipo. Alifungua moja. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino uliofifia, mwandishi alikuwa ameandika jina lake na kumshukuru Omanga kwa samaki.

Moyo wa Elkana ulipiga kama mlango uliosahauliwa wazi. Uso wake ulifanya kile ulichofunzwa kituoni.

"Vimechakaa, mama," alisema.

"Kweli?"

"Angalia mwenyewe. Haya makaratasi ya juu yameraruka. Hapa mtu amechorachora kwa wino. Haya majarida pini zake zimeshika kutu, kingo zimejikunja. Na hili doa."

Truphena aliinama akafuata kidole chake kutoka kasoro hadi kasoro, kwa makini, kama mtu anayeonyeshwa njia. Elkana akataja bei. Ilikuwa bei ya karatasi ya kufungia mandazi.

Mama yule hakukasirika. Aliangalia juu, pale tone jipya lilipokuwa likijikusanya kabla ya kuanguka.

"Hiyo itanunua misumari," alisema. "Sasa mabati na kiwanja pale sokoni vitanunuliwa na nani?"

"Kwani fundi hapatikani hapa? Nionyeshe ngazi, mama. Hayo matundu ni ya kuziba tu na lami. Napanda mwenyewe dakika hii."

Truphena alimtazama, na kwa mara ya kwanza macho yake yakawa na mzaha.

"Panda, Mkuria wangu. Panda. Lakini ujue utashuka huko ukiwa mume wangu."

Ndipo akamweleza. Nyumba ya mjane wa Kijaluo haipandwi na mwanamume mpaka mjane mwenyewe awe amerithiwa. Anayepanda paa ndiye amerithi. Asiyerithi akipanda, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, itaanza na wajukuu. Alikuwa amemwita fundi kutoka Oyugis. Fundi akaja, akapima, akauliza mwenye nyumba yuko wapi, akaonyeshwa kaburi, akafunga vifaa vyake na hata nauli hakudai. Kanisa lake lilikuwa limelijadili jambo lile. Wazee wa kanisa walikubaliana kwa kauli moja kwamba chira haipo, na kwa kauli moja hakuna aliyepanda ngazi.

"Na wa kurithi hayupo?"

Truphena alinyoosha kidevu kuelekea mlangoni. Ng'ambo ya uwanja, kwenye nyumba ya jirani, mabati mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani, yanang'aa.

"Yupo. Jeremiah, mdogo wake Mwalimu. Seremala. Yale mabati aliyanunua wiki ile ile ya mazishi. Hatukani, hapigi kelele, hata maji ananichotea. Kila asubuhi anaamka, anayapangusa vumbi, ananisalimia, anaingia ndani kwake. Anasema sheria si yake." Alifunika vitabu tena kwa plastiki. "Mimi nimekuwa mke wa mtu mmoja tangu nikiwa msichana. Sitaki mwingine, hata wa jina. Nikipata kiwanja pale sokoni, nikajenga chumba changu, nimemaliza. Kule plotini hakuna mwiko. Kuna kodi ya kaunti tu."

Elkana aliondoka bila kununua kitu. Aliporudi Suna, Nyanchama alimwona amekaa na sahani mbele yake, hali.

"Umekosa?"

"Nimepata."

"Mbona sura kama ya aliyepoteza?"

Alisukuma sahani kando. Alikuwa amepiga picha chache kwa simu, kwa kisingizio cha kuonyesha kasoro, na sasa akamtumia Oliver. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Lilikuwa na alama nyingi za mshangao kuliko maneno, na maneno yenyewe yalisema: usiguse chochote, nakuja, nitalipa vizuri. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kiwanja, na chumba juu yake, na choo.

Elkana angeweza kununua kwa bei ya misumari na kuuza kwa bei ya kiwanja. Ndiyo biashara. Alilifikiria jambo hilo kwa muda ambao haikuwa lazima ujulikane, kisha akampigia Truphena.

"Mama, usiniuzie mimi. Kuna mtu wa Nairobi. Atalipa kiwanja."

Upande wa pili tone lilianguka kwenye karai.

"Kiwanja kile cha sokoni?"

"Na chumba."

"Mkuria," alisema Truphena polepole, "kama ni mzaha, mimi ni mzee. Usinifanyie."

"Si mzaha. Atakuja mwenyewe avione."

"Basi nitamwandalia," alisema, na sauti yake ilikuwa imepata umri mwingine, mdogo zaidi.

Hapo palikuwa na jambo moja la kuongeza, neno fupi tu, nalo Elkana alilimeza. Ujumbe ulisema asiguse, naye hakugusa. Lakini kumwambia Truphena asiguse kungetaka maelezo. Ingebidi amwambie kwamba yale makaratasi yaliyoraruka ndiyo nusu ya bei, kwamba ule wino ndio nusu ya pili, na kwamba yeye, mwanamume mzima aliyevaa shati la kanisani, alikuwa ameketi kwenye kiti kikavu cha mjane akiita mali takataka. Akaona hakuna haja. Vitabu vilikaa miaka sitini bila kuguswa. Vitashindwa wiki chache?

Wiki chache zikawa nyingi. Oliver alisafiri, kisha mvua ikakata barabara, kisha Oliver akaugua mafua ya watu wa Nairobi, ambayo huchukua muda. Kila mara Elkana alimpigia mama kumtuliza, na kila mara mama alimjibu kwa furaha kwamba hana wasiwasi, ana kazi nyingi. Elkana hakuuliza kazi gani.

Siku ilipofika, waliingia Kosele kwa gari la Oliver asubuhi yenye jua. Truphena alikuwa mlangoni amevaa gauni la sherehe. Sebule ilikuwa imefagiliwa, makarai yamefichwa, na mezani palikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Juu ya kitambaa vilipangwa vitabu.

Vyote vilikuwa vimekaviwa kwa karatasi ya kaki.

Kila mzazi wa nchi hii anajua ile kazi. Januari, kabla ya shule kufunguliwa, mama hukaa chini na makasi, kaki na gundi ya unga, akafunika vitabu vya watoto, pembe zimekunjwa sawasawa, kwa sababu mwalimu humhukumu mtoto kwa jalada, na mama kwa mtoto. Truphena aliwakavia watoto wake wote, kisha wajukuu. Vya mumewe hakuwahi kuruhusiwa kuvigusa. Sasa alikuwa amevigusa. Kila kitabu kilikuwa na jina lake nje kwa herufi kubwa za kalamu nene, zimenyooka kama safu ya wanafunzi gwarideni.

"Karibuni," alisema. "Mkuria alinionyesha makosa yote. Nimeyarekebisha."

Oliver alichukua toleo la kwanza la *Mafiga*. Pini zenye kutu zilikuwa zimeng'olewa, na mahali pake pameshonwa kwa uzi wa gunia, mishono midogo, mizuri, inayofanana. Kingo zilizojikunja zilikuwa zimekatwa kwa makasi mpaka zikanyooka, na katika baadhi ya kurasa mstari wa mwisho ulikuwa umeondoka pamoja nazo. Karatasi ilikuwa bapa na imeng'aa.

"Nilizipiga pasi," alisema Truphena. "Pasi ya makaa, lakini si moto sana."

"Naona, mama," alisema Oliver. Alikuwa mtu mstaarabu, na hilo lilifanya mambo yawe mabaya zaidi. Alichukua riwaya moja, akaifungua. "Na jalada lake la nje? Lile lenye picha?"

"Yale yaliyoraruka? Hayakufaa kitu. Niliwashia moto." Akaona uso wa mgeni, akadhani ni shaka, akaharakisha kumtuliza. "Na uchafu wa wino nimeutoa wote. Uliza huyu. Mahali pengine nilitumia dawa ile ya kung'arisha shuka. Pale ilipokataa kutoka nilikata ukurasa, lakini taratibu, kwa wembe. Huwezi kujua kama ulikuwepo."

"Hapana," alisema Oliver. "Siwezi kujua."

Elkana alikuwa amesimama karibu na dirisha. Aligundua kwamba anaangalia mikono ya Truphena. Ncha za vidole zilikuwa zimechubuka kwa sindano ya gunia.

Oliver alifungua vitabu vyote, kimoja kimoja, kwa adabu ileile mtu anayotumia kupita mbele ya jeneza. Alikunywa chai. Alisifu kazi ya mkono, na aliisifu kwa dhati, kwa sababu ilikuwa nzuri. Kisha akasema atafikiria, akatoka, na Elkana akamfuata mpaka kwenye gari.

"Hakuna hata kimoja?" Elkana aliuliza.

"Ningekuwa nanunua kazi ya mikono, ningechukua vyote." Oliver alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na kitu. "Hukumwambia asiguse?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini, ndugu yangu?"

Elkana alitazama mabati ng'ambo ya uwanja. Yalikuwa safi, yamepanguswa asubuhi hiyo.

"Ni hadithi ndefu," alisema, ingawa ilikuwa fupi sana.

Gari likaenda. Truphena alikuwa amesimama pale pale mlangoni, bado na gauni la sherehe.

"Mbona ameenda mikono mitupu? Pesa ameziacha kwako?"

Palikuwa na majibu mawili. La kweli lilikuwa kwamba mikono yake, kwa upendo, wiki baada ya wiki, ilikuwa imekwangua kiwanja kile kutoka kwenye kurasa mpaka kikaisha. Na nyuma ya hilo palikuwa na la kweli zaidi, kwamba mikono ile ilifuata kidole cha Elkana. Alifungua mdomo akiwa amekusudia hilo la pili.

"Amesema ni vya zamani sana," alisema.

Truphena aliegemea mwimo wa mlango.

"Vya zamani sana," alirudia. "Kwani alikuja kutoka Nairobi kutafuta vipya?"

Elkana alianza kukunja mikono ya shati lake.

"Wewe unajua kitu," alisema Truphena, bila hasira. "Lakini sitakuuliza. Nimechoka kuuliza wanaume." Aliingia ndani. Elkana alisikia makarai yakitolewa yalikofichwa, moja moja, yakirudishwa kila moja mahali pake, na kwa kweli mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Kisha sauti yake ikatoka, tambarare. "Nenda kaniitie Jeremiah."

"Mama, tunaweza kutafuta mnunuzi mwingine. Nipe mwezi."

"Mwezi gani? Mgongo wangu unalala kwenye maji. Wewe ndiwe uliyeniletea mgeni wa kwanza. Niletee na wa pili."

Elkana akavuka uwanja kwa miguu yake mwenyewe. Jeremiah alikuwa akipiga randa ubao, mwanamume mpole mwenye penseli sikioni. Alisikiliza ujumbe mpaka mwisho, akaweka randa chini, akanawa mikono. Hakutabasamu. Huenda hata alisikitika. Alikuwa mtu wa kusikitika kwa mambo anayoyapata.

Ikakubaliwa iwe ya heshima tu, kama siku hizi wajane wazee wanavyofanyiwa. Jeremiah asilale pale. Koti lake lilale. Alileta koti lake la kijivu, la suti iliyopoteza suruali, akalitundika kwenye msumari chumbani mwa Mwalimu, na asubuhi yake mila ikawa imetimia. Elkana alirudi siku hiyo. Hakuna aliyemwita. Alimwambia Nyanchama kwamba kuna vitabu anakwenda kuvicheki, naye akamjibu kwamba vitabu havijawahi kumnyima mtu usingizi.

"Mkuria, shika ngazi," Jeremiah alisema alipomwona. "Kushika hakuna mwiko."

Akashika. Kutwa nzima alishika, vumbi la kutu likimwangukia kichwani, huku juu nyundo ikilia na mabati ya zamani yakishushwa yakiwa na matundu kama chujio. Truphena alikaa uani amewapa mgongo, akichambua maharagwe. Hakuangalia juu hata mara moja. Bati la mwisho lilipopigiliwa, wanawake wa jirani walipiga vigelegele viwili vitatu, kisha wakaona hakuna anayeitikia, wakaacha.

Ndani palikuwa pakavu kila mahali. Palikuwa pakavu kiasi kwamba sebule ilionekana kubwa kupita kiasi, na watu hawakujua wakae wapi. Jeremiah hakusumbuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Mwalimu, kile chenye mikono, akaketi, kwa kuwa sasa ilikuwa haki yake na angeketi kwingine ingekuwa tusi. Akaomba chai.

"Hivi vitabu je, mama?" Elkana aliuliza kwa sauti ndogo. "Nivichukue? Nitakupa chochote."

"Viache," alisema Truphena akimimina. "Paa lipo. Si ndilo lilikuwa linatafutwa?"

Jeremiah alipokea kikombe, akatafuta mahali pa kukiweka. Mkono wake ukaenda kwenye meza, ukakuta toleo la kwanza la *Mafiga*, bapa, limekaviwa, na akakiweka hapo juu yake, kikiwa moto, chai ikimwagika kidogo pembeni. Mkono wa Elkana uliinuka wenyewe kutoka gotini. Kisha akaurudisha. Hapakuwa na kitu tena cha kuokolewa pale, na karatasi ya kaki ilikuwa ikifanya kazi iliyowekewa kuifanya.

Truphena alikiona kikombe. Akaangalia paa. Akainua birika akamwongezea shemeji yake chai.